Mama alibeba mkeka akaenda kulala nje

Ilikuwa Januari, mwaka wa kwanza tumehamia, saa tano usiku nasikia mlango wa jikoni unafunguliwa nikajua ni mwizi, natoka na tochi namkuta mama yangu mzazi kabana mkeka kwapani na kanga kajifunga kifuani anaelekea chini ya mwembe. Nikamuuliza vipi tena mama, akanijibu bila hata kugeuka, "Mwanangu, hii yako siyo nyumba, ni tanuri." Akatandika, akalala. Mi nikabaki mlangoni na tochi yangu, nyuma yangu feni mbili zinazunguka zinahamisha joto kutoka kona hii kwenda kona ile, na nyumba yenyewe ndo ile niliyoijenga miaka sita kwa pesa ya korosho, vikoba na mkopo wa kazini, nyumba ambayo watu wakipita huku Mangamba, Mtwara, walikuwa wanasimama wanaipiga picha.

Mwanzoni nilijitetea. Nikasema mama katoka Newala, kule juu kuna ubaridi wake, ameshuka Mtwara kwa ajili ya kliniki ya goti, kwa vyovyote ataona joto. Ila ukweli hata sisi wenyewe tulikuwa hatulali, tulikuwa tunajikaza tu kwa sababu nyumba ni mpya na mtu hawezi kuiponda nyumba yake mwenyewe ambayo bado ana deni lake.

Ngoja nieleze nilivyoingia mkenge, maana naona wengi wanaingia hapo hapo. Ramani niliinunua kwa simu. Nimeona picha nzuri, nyumba ya kontemporari, paa la kuficha, kuta zimepanda juu zimeziba bati lote, vioo vikubwa mbele, majani ya kijani, gari limepaki. Nikalipia, nikatumiwa faili, nikampa fundi. Hakuna mtu hata mmoja kati yetu, si mchoraji, si fundi, si mimi, aliyeuliza kiwanja kimeangalia wapi. Kiwanja changu barabara iko magharibi, kwa hiyo vioo vyote vya sebuleni vikaangalia magharibi, yaani saa tisa mchana jua linaingia mpaka kwenye meza ya chakula, sofa langu la rangi ya maziwa likabadilika rangi upande mmoja ndani ya mwaka.

Halafu hilo paa la kuficha. Sikatai ni zuri kwenye picha. Ila halina upenu, yaani ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, na upenu nilikuja kujua baadaye ndo nusu ya nyumba huku kwetu pwani. Bila upenu jua linapiga ukuta tangu asubuhi mpaka linazama, na tofali za saruji zinalinywa lile joto taratibu, zinakuja kulitema usiku. Kuna siku saa mbili usiku niliweka kiganja kwenye ukuta wa chumbani kwetu, ule wa magharibi, nikautoa haraka, ulikuwa kama kikaango kilichoepuliwa dakika kumi zilizopita, na kichwa cha kitanda kimeegemea hapo hapo. Ndo tukawa tunalala tunaambiana aah leo kuna joto. Leo wapi, ukuta ndo una joto!

Madirisha nayo nilichukua ya aluminiamu ya kusukuma maana ndo yako kwenye fasheni. Dirisha la kusukuma hata ulisukume vipi linafunguka nusu tu, nusu nyingine kioo kinabaki kimeziba, ukiongeza nyavu ya mbu na grili, upepo unaopita hapo ni wa kuhesabu. Dirisha nimelipia zima, hewa napata nusu.

Mvua ndo ilimaliza. Huku kusini mvua yetu ni msimu mmoja, inaanza kama Novemba au Desemba inakwenda mpaka Aprili, na ikiamua kunyesha inanyesha kweli. Maji ya paa la kuficha yanakusanyika kwenye mfereji uliojificha nyuma ya ule ukuta, majani ya mwembe yakaziba, maji yakakosa pa kwenda yakaingia ndani, dari ya jipsamu ikavimba tumbo kama mjamzito kisha ikadondoka yote sebuleni tukiwa tunakula. Fundi akaja akasema tuweke dawa ya kuzuia maji. Tukaweka. Mwaka uliofuata tukaweka tena, na wa tatu tena. Nikaacha kuhesabu.

Sasa kilichonifumbua macho ni msiba. Tulikuwa na msiba Mikindani kwa mjomba, nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, ukuta mnene ukikaa dirishani unaweza kuweka sinia la wali na bado kuna nafasi. Tulijaa wanawake zaidi ya thelathini kwenye vyumba viwili, Februari, saa nane mchana, na mi nikajikuta nimesinzia. Nimesinzia msibani jamani, mbele za watu, kwa sababu palikuwa pametulia pamepoa. Mikindani na Mangamba ni bahari ile ile, jua lile lile, hamna cha kusema eti kule mlimani. Nikaanza kuangalia kama mtu aliyeibiwa anayemuona mwizi wake kavaa shati lake. Milango inatazamana, wa mbele na wa uani, upepo ukiingia huku unatokea kule. Dari iko juu sana, joto linapanda linakaa huko, halikukalii kichwani. Mbele kuna baraza lenye kivuli, jua halifiki ukutani mpaka jioni.

Pale msibani kulikuwa na mzee mmoja fundi wa chokaa, kafanya ukarabati wa majumba ya zamani, nikamkalia kumuuliza maswali mpaka shangazi akanikonyeza. Akaniambia kwamba vyumba vya zamani vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, huwezi kuivuta ikawa ndefu, ndo maana hata ukienda Kilwa Kisiwani au Songo Mnara kwenye magofu unakuta vyumba virefu lakini vyembamba, upana karibu unalingana kote. Kwamba chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka, wakati saruji inaufungia ndani ndo unaona rangi inabambuka. Mi kichwani tayari nimeshaamua, nikamwambia mzee nataka nijenge hivi hivi, mawe ya matumbawe na chokaa. Akanicheka. Akasema, "Binti yangu, matumbawe utayatoa wapi? Ukiyachimba baharini unawaua samaki wa wajukuu zako, na kuyachoma yakawa chokaa unamaliza msitu mzima wa kuni."

Alinikatisha tamaa ila alikuwa sahihi. Uchimbaji wa matumbawe umeshaumiza sana bahari yetu ya Mtwara, na hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma iliyoanzishwa 2000 ipo kulinda hivyo vitu. Akaniambia chukua akili ya zile nyumba, usichukue mawe yake.

Basi nikapata wazo la kumjengea mama nyumba yake Naliendele, kwenye shamba letu la korosho, ndogo, vyumba viwili, sebule, jiko la nje na baraza. Newala peke yake hawezi tena kwa lile goti, na kwangu kashasema ni tanuri.

Safari hii kabla ya kuchora chochote nilichomeka kijiti uwanjani nikaanza kufuatilia kivuli, na nikafunga kipande cha kitenge juu ya mti mrefu kuangalia upepo. Watoto wakajua nimeanza uganga. Kitu ambacho nilikuwa sijakijua miaka yote nimeishi Mtwara ni kwamba jua letu la saa sita halikai upande mmoja. Kuanzia karibu tarehe 20 Oktoba mpaka karibu tarehe 22 Februari linapita kusini kwetu, miezi iliyobaki linapita kaskazini, Juni ndo linakuwa kaskazini kabisa. Kwa hiyo zile ushauri za mtandaoni za geuza nyumba iangalie upande fulani zimeandikwa na watu wa nchi zingine, huku jua linatutembelea pande zote mbili. Ila kaskazini na kusini linakuja likiwa juu, upenu unalikata. Magharibi na mashariki linakuja limelala, hapo upenu hauna ujanja. Ndo maana nyumba ya mama tumeilaza, urefu umeenda mashariki magharibi, zile kuta fupi za ncha ndo zinakula jua la asubuhi na la jioni, na upande wa magharibi tumeweka stoo na bafu, havina dirisha kubwa. Joto liende likalale na magunia ya korosho.

Upepo nao una ratiba. Miezi ya joto kali, Novemba mpaka Machi, ndo kaskazi inavuma inatokea kaskazini mashariki, halafu kusi inatokea kusini mashariki inashika kuanzia Aprili hivi. Kitenge changu kilionyesha hivyo hivyo kama wavuvi wanavyosema. Madirisha tukayapanga yatazamane kwa upepo huo, na ni ya mbao, mabawa mawili, yanafunguka yote. Hapo nilifanya kosa dogo, mbao nilichukua mbichi kwa sababu ya haraka, mawili yakapinda hayafungi vizuri mpaka leo, mama anayabana na kipande cha gunzi.

Tofali sasa. Niseme ukweli, wazo la kupunguza saruji halikuanza na mazingira, lilianza na mfuko wangu. Sisi tuna kiwanda kikubwa cha saruji hapa hapa Msijute tangu 2015, malori unapishana nayo kila siku, mtu anaona saruji iko mlangoni atumie kingine cha nini. Ila mpwa wangu anayesoma uhandisi akanieleza kitu kikanikaa. Kwamba saruji inapikwa kutoka mawe ya chokaa kwenye joto la kama nyuzi 1450, na moshi unaotoka siyo wa moto peke yake, jiwe lenyewe likipikwa linatoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na hiyo ndo sehemu kubwa kuliko ya mafuta au gesi ya kupikia. Dunia nzima saruji inachangia kama asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu. Nikamwambia basi tutachoma tofali za udongo, akanijibu shangazi na kuni? Kweli, nimeona watu wanaangusha mikorosho mizee wanaifanya kuni za tanuri la tofali, yaani unakata mti unaokupa kivuli na pesa ili ujenge nyumba ambayo itakosa kivuli.

Tukaenda na tofali za udongo za kufungamana, zile za kukandamiza kwa mashine ya mkono, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamezifundisha miaka mingi, udongo wa shambani unachanganya na saruji kidogo, huchomi. Mashine tukakodi. Tukachimba udongo wetu mwekundu, tukafyatua tofali kama 400 kwa siku tatu, vijana wana nguvu, mi nimefurahi napiga picha natuma kwenye grupu la familia. Baada ya wiki nashika moja inamomonyoka mkononi kama biskuti kwenye chai.

Makosa yalikuwa mawili na yote yetu. La kwanza udongo hatukuupima. Kipimo chenyewe ni bure jamani, unachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, unajaza udongo robo, maji, chumvi kidogo, unatikisa unaacha mpaka kesho, mchanga unakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Wetu mfinyanzi ulikuwa utando tu, karibu wote mchanga. Mzee wa shamba la jirani akatuambia nendeni mkachukue udongo wa kichuguu, na kweli mchwa wana akili, wanabeba mfinyanzi wanaupandisha juu. Tukachanganya, tukapima tena kwenye chupa, tukaenda na saruji ndoo moja kwa udongo ndoo kumi, mfuko mmoja ukawa unatupa tofali kati ya 55 na 60. La pili, zile za kwanza tulizianika juani zikauke haraka. Tofali yenye saruji haitaki kukauka, inataka kunyweshwa, kwa hiyo hizi tukazipanga chini ya mkorosho tukafunika majani ya migomba na turubai, maji asubuhi na jioni siku saba, tukaziacha mpaka siku 28. Siku ya kuanza kujenga fundi akachukua moja akaiachia kutoka usawa wa kiuno ikatua pwa, nzima. Akaniangalia akasema, "Haya dada, sasa tuongee."

Msingi sikuubania saruji. Mawe, zege, tumenyanyua mpaka maji ya mvua yakiruka yasifikie tofali, maana nyumba ya udongo inafia miguuni, hata ile ya mama ya Newala ya fito na kukandika ilikuwa inaliwa kuanzia chini, mchwa upande huu, maji ya mvua upande huu. Wanaosifia nyumba za bibi zetu wengi wao hawajawahi kukandika upya kila baada ya masika na mikono imechanika.

Kwenye paa tuligombana. Mi nilitaka makuti, nimeona hoteli za kitalii, yanapendeza na yanapoza. Mama akakataa katakata. "Makuti nimezaliwa nayo, nimezeekea, nimekimbia nyoka humo, leo umesoma unanirudisha?" Akaongeza kwamba kila baada ya miaka michache nani atapanda kuezeka, yeye na goti lake? Nikakubali. Bati, la rangi nyeupe isiyonywa jua, chini yake dari ya mbao, na kwenye ncha mbili za paa tumeacha matundu yenye nyavu ili joto la kati ya bati na dari litoke lisijae. Upenu mita moja pande zote, mbele baraza la mita mbili na nusu.

Upenu mrefu huku una hatari yake lakini. Aprili 2019 tulijifungia ndani tunasubiri kimbunga Kenneth, kikaenda kupiga ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, sisi tukaponea. Na wazee wa Lindi bado wanasimulia kimbunga cha 1952. Upepo ukiingia chini ya upenu unainua paa kama kofia. Kwa hiyo nondo zimeachwa zinachungulia juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimefungwa nazo moja moja, na misumari ya bati kwenye upenu imewekwa karibu karibu kuliko katikati. Fundi alilalamika namalizia misumari yake.

Maji ya paa yanaingia kwenye simtanki la lita 5000. Hapa kama una shamba la korosho sikiliza vizuri, kuanzia Juni tunapuliza salfa, lile vumbi la njano linatua kila mahali mpaka kwenye bati, kwa hiyo mvua za kwanza hatuzipokei kabisa, bomba linaelekezwa pembeni mpaka bati lioge. Mwaka wa kwanza tulisahau, maji yakanuka kiberiti tukamwaga tanki zima huku tunalia. Lile shimo la udongo tulijaza majani na samadi tukapanda migomba, maji ya kuogea yanaelekea huko, na ndizi za mama sasa hivi ni habari nyingine.

Bei? Watu wananiuliza wanategemea niseme nusu. Siyo nusu. Kwenye tofali na plasta niliokoa kweli, nje sijaplasta, ukuta unaonekana tofali zake nyekundu. Ila upenu umekula bati na mbao nyingi kuliko nilivyodhani, na zile tofali 400 za biskuti niliwalipa vijana vile vile, kazi walifanya. Na kutoplasta kuna gharama yake ya heshima, majirani wanapita wanauliza kwa upole, "Mama fulani, mmeishia hapo?" Mama mwenyewe alivumilia miezi mitatu akaniambia nisimtie aibu, tukapaka chokaa ya mfuko ukuta wa barazani tu, mweupe pee, ndo akaanza kualika wageni.

Januari iliyofuata nilienda kulala kwake kwa makusudi. Saa nane usiku nikaamka, nikaenda kugusa ukuta wa chumba chake, tabia imeshaniingia hiyo. Ulikuwa wa kawaida, kama mtungi. Mama akaniuliza gizani natafuta nini ukutani, nikamwambia hamna kitu mama lala, akasema basi nifungie hilo dirisha moja, baridi.

Nyumba yangu ya Mangamba bado ipo na deni limeisha. Upande wa magharibi nimesimamisha nguzo na waya nikapandishia pasheni, zimeanza kufunika vile vioo, sofa nimegeuza. Nimemuita fundi aliyejenga kwa mama aje kuangalia kama tunaweza kubomoa ule ukuta wa juu tuezeke paa la kawaida lenye upenu. Amezunguka nyumba mara mbili mikono nyuma kama daktari, akasema inawezekana, ila tufanye Agosti mwishoni, mvua haijaja, tukichelewa mpaka Oktoba vijana wake wote watakuwa wanaokota korosho na mimi pia.